Ng'ambo, Ghulail, na Mawazo Yanakotoka

Tulipotoa kile kipindi cha sanaa, meseji nyingi zilizotujia zilikuwa na swali moja tu lililovaa nguo tofauti: nataka kuandika, nataka kurekodi, nataka kuchora, lakini sina mawazo. Nyinyi mnayatoa wapi? Kijana mmoja akaenda mbali zaidi. Alisema, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiarabu cha Jeddah, kwamba labda ubunifu ni wa watu waliokulia pahala pa maana, nyumba zenye maktaba na piano, wala si sisi watoto wa Ghulail.

Nimeona nijibu kwa maandishi. Kwenye maikrofoni nikianza jambo hili sauti inapanda, na mwenzangu hunikata.

Nianze na ile picha tuliyouziwa. Mtu yuko peke yake, kahawa mezani, dirisha kubwa, halafu wazo linamdondokea tu kutoka darini. Hapa Riyadh ninapofanya kazi sasa, picha hii ina soko. Wizara ya Utamaduni ilianzishwa 2018, mwaka uleule sinema zilipofunguliwa tena, na tangu hapo warsha za ubunifu zimejaa kila kona. Mimi si mtu wa kuzibeza. Zimewapa watu kazi, na marafiki zangu wamo. Lakini kwenye warsha moja niliyolipia mwenyewe, tulipewa vikaratasi vya rangi vya kubandika ukutani, kisha tukaambiwa tufunge macho na tusafishe kichwa, tutoe kila cha zamani ili kipya kipate nafasi. Nikafunga macho. Niliona giza na nikasikia njaa.

Kichwa kilichosafishwa kitatoa nini jamani? Kazi yangu ni kupanga sura ya ndani ya maduka na mikahawa, na kwa miaka kumi niliyoifanya sijaona wazo lililotoka patupu. Kila mara ni vitu viwili vya zamani ambavyo havikuwa vimewahi kukutana. Kuna mkahawa mmoja, mwenyewe alilalamika kwamba wateja wakishakaa kwenye meza zao hawasemezani. Nikamchorea benchi la saruji linalozunguka ukuta mzima, watu wakae bega kwa bega. Akaniambia nimebuni kitu cha ajabu. Mimi nilikuwa nimekumbuka baraza ya nyumba ya bibi Lamu, basi.

Kwa hiyo lile swali la "mnayatoa wapi" mimi naligeuza kidogo: vitu hukutana wapi?

Tumchukue Siti binti Saad, maana nyumbani kwetu alikuwa akitajwa kama jamaa. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, kwenye familia maskini. Mamake alikuwa mfinyanzi, na Siti alibeba vyungu kichwani mpaka mjini kuviuza, akiwaita wanunuzi kwa sauti ileile iliyokuja kumpa jina. Mwaka 1911 akahamia mjini. Taarab ilikuwepo tayari. Sultani Barghash alikuwa amemtuma Mohamed Ibrahim aende Misri kujifunza muziki, na klabu ya Ikhwani Safaa ilikuwa imeanzishwa 1905. Lakini hiyo ilikuwa taarab ya jumba na ya wenye nafasi, na iliimbwa kwa Kiarabu.

Siti aliishi Ng'ambo. Jina lenyewe linajieleza: ng'ambo ya hori, upande wa pili wa mji wa mawe. Huko walikaa waliokuwa watumwa na watoto wao, watu wa bara, Wangazija, Waarabu na Wahindi wasio na kitu, yaani kila ambaye mji haukumtengea chumba. Usiku watu walikuwa wakikusanyika kwake. Wenzake walikuwa Maalim Shaaban, Mbaruk, Buda na Subeti, na majirani nao hawakukosekana. Habari za siku zikiwekwa kati: nani kashtakiwa, karani gani kala pesa za mjane, mume gani kamfanyia nini mkewe. Habari ikageuka wimbo. Ule wimbo wa Kijiti, ambao mama zetu wengi wanaujua, unasimulia mauaji ya kweli ya mwanamke mgeni na kesi iliyofuata. Mwaka 1928 wakapanda meli kwenda Bombay kurekodi na kampuni ya HMV, na santuri zao zikauzwa pwani nzima.

Mawazo yalitoka wapi hapo? Ala za Kiarabu, uimbaji wa Misri, ngoma za mtaani, lugha ya jikoni, na umbea. Naam, umbea. Tumefundishwa kuudharau, na mwingi unastahili, lakini watu waliokaa pamoja wakajadili nani kaonewa na nani kaponea ndio waliompa Siti nusu ya kazi yake. Sauti ilikuwa yake. Malighafi ilikuwa ya Ng'ambo nzima.

Leo Mji Mkongwe wa Zanzibar umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Balad ya Jeddah nayo iliingia 2014. Miji miwili ya mawe ya matumbawe, milango ya kuchongwa, vichochoro vya kivuli. Ukisimama Balad alasiri unaweza kujidanganya kwamba uko Shangani. Nafurahi kwa yote mawili, wallahi. Lakini orodha ya namna hiyo hupima kuta. Taarab ya Kiswahili, ile tunayoiita yetu, iliivia ng'ambo, kwenye nyumba za udongo na makuti.

Na Balad ilikuwa na ng'ambo zake. Moja ni Ghulail.

Kwa wale waliotoka wakiwa wadogo: Ghulail ilikuwa kusini mwa Balad, imegusana na Petromin, vichochoro vyembamba kiasi kwamba wayti, lile lori la maji, haliwezi kuingia. Dereva akisimama barabarani, mpira unavutwa juu ya mapaa ya watu watano mpaka ufike kwenye tangi lako, na kila mwenye paa ana neno la kusema. Bakala ya kona ilikuwa ya Myemeni. Ukuta wa kulia kwetu Wachadi, wa kushoto Wasomali, mbele Wahausa ambao babu yao alikuja kuhiji akabaki. Sisi baba kwao Unguja, mama Mombasa. Kiswahili ndani, Kiarabu kichochoroni, Kihausa kikipenya ukutani usiku wakigombana. Televisheni ilikuwa filamu za Kihindi na tamthilia za Misri.

Palikuwa na bibi mmoja wa Kibarawa, jina lake nalihifadhi. Hakujua kusoma. Wayti likichelewa siku tatu, alikuwa akimtungia dereva beti, akiziweka kwenye mahadhi ya harusi ya Kiyemeni, maneno ya Kibarawa na Kiswahili cha kwetu, na neno mojamoja la Kihausa alilolinyaka kwa jirani, la matusi bila shaka. Wanawake wakizikariri kwenye kahawa ya baada ya Alasiri. Baada ya wiki mbili dereva mwenyewe anaziimba. Hakuna aliyemwita mbunifu. Alikuwa anaitwa mama mwenye maneno, na akialikwa harusini anatengewa mto mzuri wa kuegemea.

Ukinipa kalamu nichore ubunifu unafananaje, nitamchora yule bibi na mpira wa maji.

Sisemi Ghulail ilikuwa pepo. Maji machafu yalitiririka mlangoni, nyaya za umeme zilikuwa zikishika moto, na kulikuwa na vichochoro ambavyo mamangu alitukataza kupita hata mchana. Mwishoni mwa 2021 mitaa ya kusini ilianza kubomolewa, Ghulail na Petromin zikiwemo, na 2022 pale palikuwa vifusi. Mjadala wa hati na fidia una wenyewe, siuingii. Hata kabla ya tingatinga kufika tulikuwa tumeshaanza kupungua. Ada ya wategemezi ilianza Julai 2017 kwa riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtu, ikapanda kila mwaka mpaka 400 mwaka 2020. Baba mwenye mke na watoto wanne ni riyali 2,000 kwa mwezi, 24,000 kwa mwaka, hajanunua hata mchele. Familia nyingi zikagawanyika: baba kabaki, mama na watoto wakarudi Mombasa au Unguja, "kurudi" mahali ambapo watoto hawakuwahi kuishi. Waliobaki wakatawanyika, wengine Kilo 14, wengine Riyadh kama mimi, kilomita 900 na ushei kutoka tulikozaliwa.

Mnaona sasa ninakoelekea. Mtu akiniambia hana mawazo, simuulizi habari ya kipaji. Namuuliza jana jioni alikaa na nani. Mara nyingi jibu ni: na simu. Yuko kwenye fleti ya ghorofa ya nne, haijui lugha ya jirani, hajui hata sura yake. Mitaa ilipovunjika tuliomboleza nyumba. Kilichonitoka mimi zaidi ni ile mikutano isiyopangwa, mpira wa maji juu ya paa la mtu, ambako vitu vilikuwa vikigongana bila mtu kuandaa warsha. Kizazi chetu kina digrii, kina laptopu, kina maikrofoni nzuri kuliko ile aliyoimbia Siti. Hakina baraza.

Simu nayo ina watu ndani yake, mtaniambia. Kweli, na ndivyo mlivyotupata sisi. Tatizo ni kwamba inakuletea watu wanaofanana nawe. Inajua unapenda nini na inakupa hichohicho mpaka usingizi. Yule bibi hakuwachagua Wahausa. Waliwekwa pale na kodi ya nyumba.

Jambo la pili linalowazuia wengi ni kuona aibu kuiga. Mnataka kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, Mungu amrehemu, aliyefariki 2014, alichukua tuni za filamu za Kihindi akaziwekea Kiswahili, waziwazi, na mashairi mengi aliandikiwa na Ahmad Nassir, mshairi hasa. Kaseti zake zilikuwa kwenye gari la babangu miaka yote niliyosoma shule. Nilipokwenda chuo Malaysia nikakaa na wasichana wa Kihindi, wakawa wanaimba ile tuni kwa maneno yao na mimi kwa yangu, chumba kimoja, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyeiba. Wenyewe walisema ya kwangu ina uchungu zaidi. Tuni ni ileile! Uchungu ulitoka kwenye maneno, kwenye lile fumbo la Kimvita ambalo Bombay hawana. Iga kwa juhudi. Mahali utakaposhindwa kuiga sawasawa, hapo ndipo wewe unapoanza.

Edward Saidi Tingatinga vilevile. Alitoka kusini mwa Tanganyika akaja Dar es Salaam kutafuta kazi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mraba vya ubao wa dari, kwa rangi ya kupakia baiskeli, maana ndiyo iliyokuwa dukani. Ule mng'ao unaoujua kwenye picha za Tingatinga ni mng'ao wa baiskeli. Alichora miaka michache tu, akafariki 1972, na jina lake likawa jina la mtindo.

Hapa lazima nisimame, maana najua sentensi inayofuata kwenye vichwa vya baadhi yenu, na siipendi: kumbe umaskini unaleta ubunifu. Hapana. Nimekulia ndani yake, haukuleta kitu zaidi ya kikohozi. Watu hupenda kutaja washairi wa jela. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu Kenya kwa kuandika kijikaratasi cha "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka 1973. Basi utasikia: unaona, shida ilimfanya mshairi. Shida ilimpa karatasi mbaya. Ushairi aliingia nao, umekaa kifuani kutoka Mombasa, kwenye nyumba na mitaa ambako watu walikuwa wakijibizana kwa beti. Mfungwa asiyekuwa na hazina hiyo hutoka amechoka tu. Kizuizi kidogo, kama rangi moja au beti ya mizani kadhaa, husaidia akili kwa sababu huiambia ianzie wapi. Uchovu wa mtu anayefanya kazi mbili ili alipe ada ya wategemezi hausaidii chochote, na naomba tusiupambe.

Sasa nije kwa wazee, na naanza kwa adabu: shikamooni. Mama zangu, ami zangu, mnatucheka sana. Mtoto akisema neno la ngeli likamponyoka, sebule nzima inaangua kicheko, na neno linapewa jina lake, linasimuliwa kwenye harusi tatu. Najua ni mapenzi. Lakini nimeona matokeo. Binamu yangu mmoja akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa akitunga hadithi za kuchekesha kwa Kiswahili, akizirekodi kwenye simu ya mamake. Akachekwa ngeli, si hadithi. Akahamia Kiarabu, na Kiarabu anachekwa na wenye Kiarabu chao. Leo ni mhasibu mzuri, Mungu ambariki, na kwenye mkusanyiko wa familia huwa kimya. Mtu hawezi kubahatisha jambo jipya huku anachunga kila kiambishi. Sahihisheni, lakini hadithi iishe kwanza.

Na nyinyi wadogo zangu, hicho Kiswahili chenu cha viraka ni mali. Beti za wayti zilikuwa na lugha tatu. Lugha yenyewe imejengwa hivyo, Kibantu mwilini, Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza mifukoni, na hakuna mshairi wa pwani aliyengojea isafishwe ndipo aandike. Mkisema "nimemaliza dawamu, nimechoka khalas," mnasema jambo ambalo mtu wa Dar hawezi kulisema vile. Lifanyieni kazi. Sisemi mwache kujifunza; mimi mwenyewe nina kamusi mezani. Nasema msingojee.

Kuna kizuizi kimoja ambacho sina dawa yake. Ikama ina nafasi ya kazi moja. Ya ami yangu inasema dereva, na kwa miaka thelathini amekuwa akitunga mashairi ya kuwasomea wanaooa. Ya kwangu inasema mchoraji, bahati yangu. Wengi wenu hamwezi kuuza mnachokibuni kwa majina yenu bila kuulizwa maswali, na wengine mmeona kazi zenu zikitoka kwa jina la mtu mwingine. Kwa hiyo ushauri wa "geuza kipaji chako kiwe biashara" mimi siutoi. Ninachosema ni kwamba kitu kinaweza kuwa cha kweli kabla hakijawa cha kuuzwa. Kiandikeni, kirekodini, wekeni tarehe na jina. Beti za yule bibi hazikurekodiwa. Nakumbuka mahadhi na nusu ya maneno, na wanawake waliozijua zaidi yangu wako Mombasa, Barawa na mahali nisipopajua.

Sisi hapa Riyadh tumejaribu kitu. Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi tunakodi istiraha nje kidogo ya mji, tunachanga riyali 30 kila mtu. Si Waswahili peke yao. Yuko dada wa Kichadi, wako ndugu wawili wa Kiyemeni waliokulia Nuzla, na mzee mmoja wa Kibajuni ambaye tulimwomba aje kwa sababu anabishana. Sharti ni kwamba kila mtu aje na kitu alichokifanya mwenyewe mwezi ule, hata mistari mitatu, hata chakula, na hakuna kusahihisha mpaka aliyesimama akae. Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa mibaya. Watu walileta kabsa tu, sahani tisa. Mwezi wa tatu yule dada wa Kichadi akaleta wimbo wa kulaza mtoto wa bibi yake, na mzee wa Kibajuni akasema tuni hii mbona kama ya wavuvi wa kwetu, akaanza kuipigia makofi kwa namna nyingine, na mmoja wa Wayemeni akaenda kutafuta ndoo ya kupigia ngoma. Tulitoka saa tisa za usiku. Rekodi iko kwenye simu yangu, sauti mbovu, ndoo imezidi, na mzee amekataa tusiitoe mpaka arekebishe ubeti wa pili.

Walioko Jeddah, waliotoka Ghulail, Karantina au Hindawiyya, mkitaka kuanza ya kwenu tuandikieni. Mzee wa kubishana mtatafuta wenyewe.